Siku Nilipojifanya Fundi wa Klimatizeri

Mnaniona natembea na heshima zangu hapa Baraka, lakini kuna aibu moja nimeibeba tangu vita, na leo naitoa mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine.

Mke wangu, Mama Riziki, alikuwa amekimbilia kambini Tanzania na watoto, mimi nikabaki peke yangu nikilinda ofisi moja ya misaada, nyumbani nina sufuria moja tu (na sikuiosha kila siku, semeni mtakavyo). Jumamosi watu walikuja ofisini kuzungumza na ndugu zao wa ng'ambo ya ziwa kwa foni, yaani redio ya pale, dakika tatu tatu, na Jumamosi hiyo zamu yangu ilikuwa imefika baada ya miezi minne.

Chumba kilijaa, joto kali, bamama wakijipepea, nami nikachukua telekomande (rimoti) ya klimatizeri, ile mashine ya kupoza hewa, bila kumuuliza mtu. Kulikuwa na alama mbili, jua na nyota, nikawaza jua ni la mchana, nyota ni ya usiku, na kwa kuwa ilikuwa saa sita mchana nikabonyeza jua. Ikatoka hewa ya moto. Mama mmoja akasema mashine imeharibika, na mimi, badala ya kunyamaza, nikajibu kwa sauti ya fundi kwamba chujio limeziba, nikapanda mezani, nikafungua kifuniko, nikamwaga kopo la maji ndani huku inazunguka.

Ikatoa cheche, jenereta ikazimika, na foni nayo ikazimika, wakati ule ule sauti ya mke wangu ilipotoka: "Baba Riziki, uko?"

Nikabaki juu ya meza na kopo mkononi, foleni nzima ikiniangalia, kila mmoja na mtu wake ng'ambo. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Fundi wa kweli alipokuja kutoka Nundu alicheka mpaka akakaa chini. "Ile si nyota, ni barafu. We uliomba moto, ikakupa."

Mama Riziki alipatikana tena baada ya wiki sita, na foni haina siri, chumba kizima kinasikia. "Siku ile ulinikatia juu ya mwanamuke gani?" akauliza, maana yake kwa sababu ya mwanamke gani.

Nikamweleza yote, foleni ikaangua kicheko, nikaapa mbele yao kwamba kitu nisichokijua sitakigusa tena. Kisha Mama Riziki akasema, "Batoto balikaa pale siku muzima, banangoya sauti yako. À vous." Yaani, sasa sema wewe.

Nikamwomba anipe watoto, dakika zikaisha.