Maharagwe Niliyoyang'oa

Mimi ni mtu nisiyetulia. Chai ikichelewa kuchemka, nafunua sufuria mara tatu. Kwa hiyo mama aliponiita kijijini kwake, Nyakarenzo, nikamtazamie maharagwe yake, alijua vizuri anamwita nani.

Ilikuwa mbegu yake ya mwisho. Wadudu walikuwa wametoboa karibu akiba yote ya ndani, akapanda viganja viwili vilivyosalia: nyekundu, nyeusi, za njano na zenye mistari, zote kwa pamoja, kama wanavyopanda watu wa huku. Alizirithi kwa mama yake, na tuliporudi Rwanda alizitoa Bukavu, upande wa Kongo, zikiwa zimefungwa kwenye pembe ya kitenge. Zikipotea, hakuna soko la kuzinunua tena.

Nimesomea kilimo. Siku ya kwanza tu niliona majani kadhaa yana vidoa vidogo, vikavu, vya kahawia, nikajua ni kutu, ule ukungu unaoshambulia maharagwe. Kila asubuhi nilikuwa shambani, nikipiga picha, nikirudi tena baada ya uji kana kwamba jani lingebadilika nikiwa nakunywa.

Siku ya nne nilishindwa kuvumilia. Nilianza kung'oa kila shina lenye vidoa na kuyachoma moto. Mama alinifuata, mikono kiunoni, mpaka nilipofika kwenye shina la mwisho, karibu na jiko.

"Hii uniachilie," akasema. "Ni ile nyekundu mama yangu alikuwa anapenda."

"Maman, iko mugonjwa. Itaharibu zingine."

"Ata miye magoti iko mugonjwa. Utaning'oa?"

Nikaliacha, nikaenda zangu nimenuna.

Wiki mbili baadaye, mashina yale masafi niliyoyalinda yakatoka unga wa rangi ya kutu. Ukipapasa jani, kidole kinabaki chekundu. Yote yalipukutika kabla maganda hayajajaa. Shina la karibu na jiko lilikuwa na vidoa vyake vilevile, na lilikuwa la kijani, limebeba.

Hapo ndipo nilipokumbuka somo nililowahi kuwafundisha watu wazima, kwa kujiamini kabisa, chaki mkononi. Ndani ya jani kuna jeni za ulinzi, na nyingi hukaa zimezimwa, maana mmea unaopigana siku zote haukui. Ukungu ukiingia, na kama mmea una jeni ya kuutambua, zile nyingine huwashwa kwa haraka. Kuta za seli hunenepa, sumu ya kuua ukungu hutengenezwa, na seli zilizoguswa hujiua zenyewe ili ukungu ukose chakula. Zile seli zilizokufa ndizo kidoa kikavu. Mashina niliyoyachoma ndiyo yaliyokuwa yamemtambua adui. Yale masafi hayakuwa yamejua lolote.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mwalimu yeyote. Siku ya kuvuna mama alipukuchua maganda ya shina lile moja kwenye ungo, na maharagwe yote yakaenea kwenye kiganja chake. Nikamweleza kila kitu, nikamwomba msamaha kwa zile nyeusi, za njano na zenye mistari, ambazo hatutaziona tena.

Aliyageuzageuza maharagwe kiganjani. "Kumbe ilikuwa inajipigania," akasema. "Na weye ulisoma."

Nilidhani atazificha mbegu zile. Msimu ulipofika akanimiminia zote mkononi, akasema nipande mimi. Nilipanda kila mbegu peke yake, nikichomeka mti wa kutambalia kando ya kila moja. Vidoa vya kwanza vilipotokea nilimwita kwa sauti, kwa sababu sikuiamini mikono yangu, isije ikang'oa tena. Akaja na kiti, akanikalisha pembeni ya shamba, kisha akainama kupalilia.