Nyangi na vidonge vilivyofungiwa

Mpaka sasa akili yangu inakataa. Nyangi tumemzika jana Nyamuswa, kwa wakwe zake, na leo asubuhi nimejikuta nampigia simu.

Kwa msiomfahamu: alikuwa mwalimu mwenzangu chuo cha uuguzi hapa Musoma. Ofisi moja, meza zinatazamana, miaka tisa.

Alikuwaga na ugonjwa wa tezi ya shingo, ule ambao kinga ya mwili inaigeukia tezi na kuichochea ifanye kazi kupita kiasi. Hakuficha. Akifika topiki hiyo anakaa mbele ya darasa, anakunywa maji taratibu, anawaambia, "Njooni mguse. Angalieni inavyopanda nikimeza."

Binti mmoja aliogopa. Akamwambia, "Gusa, mwanangu. Mgonjwa wako hatakuwa picha ya projekta."

Mwingine aliandika kwenye case study kwamba mgonjwa ni mkorofi. Nyangi akamwita ofisini, mimi nipo. "Anakula na bado anakonda. Moyo unamkimbia, mikono inatetemeka, usingizi hapati. Wewe ungekuwa mpole?"

Likizo hii akaenda Nyamuswa. Mume wake yuko kazini Geita, kwa hiyo mwenye sauti pale nyumbani ni shemeji yake. Akamwona anaongea haraka, anafoka, jasho linamtoka. Akaamua vidonge ndivyo vinamvuruga. Akavichukua, akavifungia kabatini.

Nyangi alinipigia. "Dada, wamechukua dawa zangu. Nikikaa bila dawa nitakufa."

Nikamwambia, "Ongea nao taratibu, ni wakwe zako."

Mimi, mwalimu wa wauguzi, ndiyo nilisema hivyo. Naomba msinifariji kwenye komenti.

Wiki mbili hazikuisha. Homa ikapanda, moyo ukaenda mbio, akaanza kuweweseka. Wakamfanyia maombi siku mbili kwanza. Walipomfikisha hospitali Bunda, madaktari walihangaika naye sana, ila muda ulikuwa umeshaliwa nyumbani.

Msibani shemeji alishika maiki akasema Mungu amempenda zaidi. Wanafunzi wetu walikuwa wamesimama pembeni na yunifomu zao. Mmoja akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Samahani baba, dawa zake ziko wapi?"

Kwaya ikaambiwa iimbe.

Nimeshaambiwa nifute hii post, eti navunja familia. Siifuti. Kama ndani kwako kuna mtu anameza dawa za tezi, usimwachishe kwa sababu amekufokea. Mpeleke kwa daktari.

Nyangi, darasa zima lilikusikiliza. Ulipohitaji kusikilizwa na watu wawili tu, shemeji yako na mimi, tulikuangusha wote.

Nenda kapumzike, mdogo wangu. Amani uliyoikosa kwetu, uipate huko.