Muda wa Njia ya Kushoto

Daftari ninalo mpaka leo. Ukifika Iguguno ukaniulizia, nitakufungulia ukurasa wenyewe uone mwandiko wangu na ule mstari usio na jina. Ila njoo mchana, na tulifungulie nje, mdogo wangu asilione. Nasema mapema kwa sababu wengi nikifika katikati huanza kucheka, na mimi si mtu wa kutunga mambo. Niliacha shule darasa la sita, mwaka tuliomzika mama, baba akiwa ametangulia. Nilibaki na wadogo zangu, Yohana na Neema. Neno la mwisho la mama lilikuwa kwamba Yohana ana haraka, nimshike.

Yohana alikua akawa dereva wa bodaboda, na haraka yake akaipeleka kwenye mbio. Kila Jumapili baada ya mavuno ya alizeti, vijana walishindana kwenye barabara ya vumbi iliyonyooka nje ya kijiji, wawili wawili, mita mia nne. Nilimkataza mpaka nikachoka. Mwishowe nikamwambia kama huachi, basi na mimi nitakuwepo. Ndivyo nilivyopewa kazi ya kuandika muda.

Saa ya mbio aliiunda Sefu, fundi simu wa hapa senta. Kwenye mstari wa mwisho, katikati ya barabara, aliweka boksi lenye vijicho viwili, na kila ukingo akaweka taa inayomulika kijicho cha upande wake. Nyaya zilikuja mpaka kwenye meza yangu, na kitufe kimoja kilianzisha saa za njia zote mbili kwa pamoja. Tairi ikikata mwanga, saa ya njia ile inasimama na kijitaa chake cha kijani kinazimika, kisha kinawaka tena. Ubovu wake ulikuwa mmoja: jua likipiga kijicho, hakioni kitu. Kwa hiyo mbio za kweli tulizianza jua likishazama, kabla giza halijashika.

Waliniita Hakimu. Niliandika kile saa ilichosema, hata kilipomuumiza Yohana, na sikuwahi kufuta mstari. Wenye muda bora wawili waliingia fainali, na aliyeshindwa akiona saa imemwonea, alikuwa na haki ya kudai marudio.

Jumapili ile madereva hawakutimia jozi, Yohana akakimbia peke yake njia ya kulia. Kabla hajafika, saa ya kushoto ikasimama. Sekunde ishirini nukta tatu. Yake ikasimama kwenye ishirini nukta sita.

"Yohana anashindana na kivuli chake," mmoja akasema, "na bado anaachwa."

Sefu alifuta kijicho, akasema ni mdudu. Yohana akadai marudio, akakimbia tena peke yake. Ya kushoto ikatangulia, ishirini nukta tatu vilevile. Niambie wewe, ni mdudu gani huyo anayerudia muda wake?

Sefu akaenda kule mwanzo kutafuta waya mwingine, na wenzake wote wakamfuata. Nikabaki peke yangu mezani. Hapo akaja mtu anasukuma pikipiki kwa mikono.

"Shikamoo, dada."

Niliitikia marahaba kabla sijamtazama. Nilipomtazama nikaona mtu mzima, ndevu zina mvi. Mtu wa umri ule ananipaje mimi shikamoo? Tena nguo zake hazikuwa na vumbi hata chembe, kwenye barabara ambayo mbuzi akivuka anatoka mwekundu.

"Umeandika muda wangu?"

"Sijakuona ukikimbia."

"Saa imeniona. Mara mbili." Alisema polepole, kama mtu aliyefika dirishani baada ya foleni ndefu. Akanieleza kwamba zamani, kwenye barabara hii hii, aliambiwa saa haikumwona, akadai marudio wakamnyima. "Wewe nasikia huandiki uongo."

Nikamuuliza jina.

"Andika muda tu."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Saa ilikuwa mbele yangu inasema ishirini nukta tatu. Nikaandika. Akashukuru, akasukuma pikipiki yake kuelekea mwanzo. Nilimtazama mgongo mpaka akawa mbali. Niliporudisha macho mezani, kijitaa cha kushoto kilikuwa kimezimika, na hakikuwaka. Kitu kilikuwa bado kimesimama kwenye mwanga.

Nilikwenda kwa miguu yangu, amini nakwambia, nikapitisha mkono mbele ya kijicho. Hapakuwa na kitu, ila hewa ya pale ilikuwa baridi kama ndani ya mtungi. Nikasema, "Pita, nimeshaandika." Kijitaa kikawaka.

Ndipo nikakumbuka kanuni. Muda bora wawili. Nilikuwa nimempeleka fainali, na wa kushindana naye ni Yohana, aliyewashinda wengine wote kwa muda. Kalamu ilikuwa mkononi. Mstari mmoja tu ungetosha kuufuta muda ule, na sikuufuta, kwa sababu Hakimu hafuti.

Sefu aliposoma daftari aliuliza mwenye muda ule ni nani. Nikasema simjui. Wakacheka, wakasema Yohana akimbie peke yake achukue beberu wa zawadi tukalale. Nilimshika Yohana mkono nikamwambia aache.

"Dada, hakuna mtu hapo. Nimeshashinda."

Akatoka vizuri. Katikati ya njia nikamwona anageuza kichwa kushoto, kama unavyomtazama mtu aliye sambamba nawe. Saa ya kushoto ikasimama. Ya kulia ikafuata. Yohana hakushika breki. Alinipita bado anatazama kushoto, mkono unaongeza mafuta, mpaka kwenye kalavati.

Hakufa. Mguu wa kulia ulikatwa. Pale hospitali Sefu aliniambia, macho yakiwa chini, kwamba msimu wa kwanza wa mbio alikuja dereva mmoja kutoka Mitundu. Jua lilipiga kijicho, saa haikumwona, na Sefu mwenyewe ndiye aliyemnyima marudio. Yule mtu aliondoka na hasira, na jioni ileile akagongwa na lori akafa. Sefu alilivunja lile boksi kwa nyundo. Mbio hazipo tena.

Lakini kila jua likizama Yohana ananiuliza, "Dada, nani alitangulia?"

Najibu, "Wewe." Anatulia, analala. Siku moja nilikawia kujibu. Nikasikia uani tairi zinasukumwa polepole kwenye mchanga, na Yohana akaanza kujiinua kitandani kwa mguu wake mmoja, anasema anataka marudio. Neema alisikia zile tairi pia, muulize.

Basi wewe unayeshika saa popote pale, ikisimama mahali ambapo hajapita mtu, usiandike. Ukiwa umeandika, futa, wakuite mwongo. Mimi nilikataa kufuta mara moja, na sasa namdanganya mdogo wangu kila jioni. Jua likianza kushuka, popote nilipo, naacha kazi nawahi nyumbani.