Kiti cha Bi Mwanahawa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyorudi kutoka kukagua shamba la watu, miguu mikavu. Kaa nikueleze kwa nini mpaka leo naiona ni aibu.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Huku kwetu kwenye visiwa vya mdomo wa mto, upande wa Maparoni, kesi zilisikilizwa na liwali pamoja na wazee watatu wa baraza. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Bi Mwanahawa, wa kwanza kukaa pale. Aliwekwa kwa sababu kesi nyingi zilikuwa za mashamba ya mpunga, na walimaji wengi walikuwa wanawake. Siku yake ya kwanza, Mzee Kingwande, mwenzake barazani, alimwuliza mbele ya watu, "Sasa wewe ukishinda hapa, nyumbani nani atapika?"

"Nimepita kwako asubuhi, mkeo kanipakulia," akajibu Bi Mwanahawa. "Chako kimebaki kidogo."

Hata liwali alicheka. Lakini Kingwande hakusahau.

Miaka ikapita, miguu ya Bi Mwanahawa ikavimba, akawa hawezi tena kupanda mtumbwi. Hapo maneno yakaanza. Kingwande alitaka kiti apewe mpwa wake. Wanawake wakasema baraza likiwa la wanaume watupu hawatapeleka kesi. Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, akaandika kutoka Utete kwamba atamthibitisha yeyote watakayemkubali, baada ya kumwona kazini mwezi mmoja. Basi Kingwande, alipoona mpwa wake hatakubaliwa, akaja kwangu. Nilikuwa mama wa watoto wawili, najua kusoma, na nilikitamani kiti kile, sikufichi.

"Tumekuona wewe, binti yangu," alisema. "Una adabu. Hubishani na wakubwa."

Nikafurahi. Sikumwuliza adabu hiyo ataitumia wapi.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya Bi Zaituni, mjane. Shemeji yake, ambaye alikuwa rafiki wa Kingwande, alidai nusu ya shamba lake, na shamba hilo ndilo lililolisha watoto wanne. Huku kwetu, anayefyeka mikoko ili alime mpunga huacha mstari wa visiki. Huo ndio mpaka. Maji yakijaa visiki havionekani. Kingwande alipanga ukaguzi wakati maji yamejaa, ili mtumbwi utufikishe shambani bila kukanyaga tope. Nikaona ni heshima. Tulipofika, shemeji akanyoosha kidole kwenye mti aliouchomeka mwenyewe, Kingwande akasema, "Mpaka ndio ule," nami nikasema ndio. Bi Zaituni alisimama majini, kanga imelowa hadi kiunoni, akaniangalia.

Nilipita kumsalimu Bi Mwanahawa. Alikuwa kalala kitandani, macho yake yakaenda moja kwa moja miguuni kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka shambani kwa Zaituni?"

"Ndiyo, mama. Tumemaliza."

"Mbona huna tope?"

Nikaeleza habari ya mtumbwi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi miguu hii imeharibika kwa kutafuta visiki topeni. Wewe yako wameihifadhi. Umeshajua kwa nini walikuchagua?"

Nilikwenda nyumbani, nikawapikia watoto wangu.

Kesho yake, siku ya hukumu, niliomba ruhusa ya kusema. Nikasema nilikosea, tena mbele ya watu wote, na kwamba naomba turudi shambani maji yakikupwa.

"Shauri limekwisha," Kingwande akasema. "Au unataka kutuchezea?"

"Limesemwa," nikajibu, "lakini karani hajaandika."

Liwali akaamuru twende. Tulitembea, tope magotini, mimi mbele, nikipapasa kwa nyayo. Visiki tulivikuta kumi na moja, vimenyooka, mbali kabisa na mti wa shemeji. Bi Zaituni alibaki na shamba lake lote.

Kiti sikukipata. Mwezi ulipokwisha, baraza lilimwandikia Bwana Shauri kuwa mimi ni mgomvi, na mpwa wa Kingwande akathibitishwa. Wanawake nao walitimiza neno lao: waliokuwa na shauri la mpaka wakawa wanaleta kwangu nyumbani, tunasubiri maji yakupwe, tunakwenda. Bi Mwanahawa aliishi kuyaona hayo. Siku moja nikitoka shambani nilimkuta na jirani zake, akanionyesha kwa kidole: "Huyu hapa. Mtazameni miguu."

Basi mwanangu, nawe ukiitwa kukalia kiti alichokiacha mtu mwema, muulize anayekuita anataka nini kwako, na umuulize kabla hujafurahi. Ukitakiwa kuamua jambo la mtu, nenda ukaone saa ambayo ukweli unaonekana, hata kama ni ya taabu. Na ukikosea, sema kabla hukumu haijaandikwa. Ikishaandikwa, sema vilevile. Kiti unaweza kukikosa. Mimi nilikikosa, na kwa Bi Zaituni naingia bila kubisha hodi.

Mola akupe macho ya kuona mpaka wa mwenzio, na akupe miguu isiyoogopa tope. Amina.