Mgongo Wazi Kwa Gari ya Mdosi

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, miaka ya tisini, nimemaliza Form Four na naona najua kila kitu. Tulikuwa tunakaa mtaa wa mabanda wa Lindi. Baba alikuwa dereva wa mama mmoja tajiri huko karibu na Kawangware, sisi tulimwita Mdosi. Mdosi alikuwa ameenda Mombasa mpaka Jumatatu, akamwachia Baba gari aipeleke service. Service tu.

Mama naye aliuza mgongo wazi Kawangware, ile mifupa ya samaki mbuta yenye imebakishwa nyama kidogo. Nikamwambia Baba, "Gari iko hapa, na Mama abebe karai kwa kichwa?" Akakataa. Nikamsukuma mpaka akachoka, akakubali. Hata kwa diary yangu niliandika, "Baba ni mwoga." Haya. Tukifika matuta ya Riruta karai ikapinduka, maji yote ya samaki ikaingia chini ya kiti ya nyuma.

Lindi gari haingii, kwa hivyo tuliipaki Makina, mtaa wa jirani, kando ya jiko ya Nyanya Halima, mama mzee Mnubi wa kuuza mandazi. Baba akakaa kwa jiwe, akasema polepole, "Kazi yangu imeenda."

"Haiendi mahali," nikamwambia, na nilimaanisha. Lakini bidii bila akili, mwanangu, ni kuchota maji na kikapu.

Nilimwaga ndoo nzima ya maji na sabuni ya unga. Nikasugua kiti na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Nikapuliza pafyumu yangu yote, nikatupa naftalini kila kona, halafu nikafunga madirisha ndio harufu nzuri isitoroke. Jumapili asubuhi nikafungua mlango. Woi! Ilikuwa ni samaki amejipaka pafyumu anaenda kanisa.

Nyanya Halima akakuja na mwiko bado kwa mkono. "We msichana, unapaka poda mtu hajaoga?"

"Lakini Nyanya, si nimeosha!"

"Umelowesha. Umeangalia chini ya kapeti?"

Nikainama kuchungulia kapeti.

"Na huko shule mlikuwa mnafunzwa nini, kuimba?"

Tukang'oa kapeti. Chini yake kile kitambaa kizito kilikuwa kimekunywa maji yote, na kipande ya mkia imejibandika hapo kama mwenye gari. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nyanya hakuwa na haraka, na hiyo ndio iliniuma. Nilitaka kusugua, akasema nitoe mkia, halafu nikandamize kile kitambaa na matambara makavu mpaka kisitoe maji tena. Halafu siki na maji kidogo, kupanguza tu, milango yote wazi, kapeti kwa jua. Ilipokauka ndio akanipea magadi soda yake ya mandazi ninyunyize, ikae mpaka jioni, nikung'ute. "Usichanganye na siki. Kila mtu na zamu yake." Mwisho akanipea makaa kwa mikebe, ilale chini ya viti ivute harufu. "Makaa baridi!" akaniitia nikiwa nimeshaondoka mbio. "Nakujua. Usimchomee babako gari."

Jumatatu asubuhi nikaingiza kichwa ndani, nikavuta pumzi. Hakuna samaki. Lakini pale nilisugua na ile dawa palikuwa na doa nyeupe, kubwa kama sahani.

"Tutaweka leso hapo juu," Baba akasema.

Nyanya hakuangalia mtu, aligeuza mandazi yake tu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nikapanda gari na Baba mpaka kwa Mdosi. Akafungua mlango, akaona doa. Nikasimama mbele ya Baba. Nikasema, "Ni mimi, Madam. Tulibeba samaki ya Mama. Nilimlazimisha, na nikaharibu nikisafisha."

Akainama, akapitisha kidole kwa hiyo doa. Halafu akamwambia Baba, "Kesho kuja kazi. Lakini gari haitalala kwako tena wikendi. Funguo niachie."

Kazi ilibaki, mwanangu. Lakini kila Jumamosi nilimwona Baba akitoka Kawangware na miguu, viatu kwa mkono kama kumenyesha, na hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Funguo zilirudi mwaka uliofuata. Hiyo harufu ya pili, ya kuvunja imani ya mtu, haikuwa na magadi.

Basi sikia, wewe mwenye haraka kama mimi. Kitu ikinuka, usikimbilie pafyumu. Inua kapeti, toa mkia, kausha, halafu ungoje. Na chenye si chako, uliza mwenyewe kabla hujakibebea samaki. Ukikosea, sema ungali mlangoni.

Mungu akupe pua ya kunusa shida ikiwa bado ndogo, na mdomo wa kuitaja mapema, na mzee wa mwiko karibu na wewe kila mahali utapaki.