Joho Kwenye Kamba ya Nguo

Kuna asubuhi bado naliona lile joho. Linaning'inia kwenye kamba, ghorofa ya tatu, hapa mtaani Umoja, katikati ya mashati ya shule ya watoto wa jirani, na upepo unalijaza hadi unadhani kuna mtu ndani. Binti yangu alilifua kwa mkono kabla ya kulirudisha, kwa sababu chuo chake kiliazima majoho ya mahafali kutoka kwa kwaya ya kanisa. Hilo peke yake lingetosha kuniamsha. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe cha chai, nikiwaza kwamba nyumba hii imepata digrii.

Yeye hakuitaka. Alikuwa na barua ya kuitwa chuo cha ufundi cha serikali, asomee diploma ya umeme. Niliyekataa ni mimi. Niliishia kidato cha nne, nikawa tarishi maisha yangu yote, nikibeba mafaili ya wenye digrii kutoka meza hadi meza.

"Diploma ni ya waliokosa nafasi," nilimwambia. "Pale juu ya duka la vitambaa wanatoa digrii ya umeme kwa miaka miwili."

"Baba, digrii si hutolewa na chuo kikuu?"

Nikamjibu kwamba kibali chao nimekiona kwa macho yangu. Na kweli nilikiona, ndani ya fremu, nyuma ya meza ya karani. Muhuri wake niliujua vizuri, maana nilikuwa nimebeba karatasi zenye muhuri kama huo miaka mingi. Nikausogelea, nikatazama wino, nikatabasamu. Maneno yaliyoandikwa juu yake sikuyasoma. Ilikuwa leseni ya biashara, sawa na ya mwenye duka la vitambaa chini yake. Iliwaruhusu kufungua mlango. Kufundisha haikutaja.

Hayo aliyagundua binti yangu alipoomba kazi, waajiri wakakitafuta chuo chake kwenye orodha ya mamlaka ya vyuo vya ufundi wasikione. Tulipopanda ngazi kuuliza, tulikuta chumba kimejaa cherehani. Leo anatengeneza pasi na birika za umeme kwenye kibanda chetu barabarani. Nyaya za nyumba nzima anazijua, lakini hana cheti cha kumruhusu kuziwekea sahihi. Anafanya kazi, wengine wanasaini.

Mwezi uliopita bintiye, aliyemaliza kidato cha nne, alileta fomu ya chuo kimoja cha hapa mtaani. Alitaka kusomea ufundi wa friji, na mwisho wa kujiandikisha ulikuwa Ijumaa. Mama yake akaichukua ile fomu, akaiweka mapajani mwangu.

"Safari hii kagua wewe, Baba."

Nilimtazama nikidhani ananidhihaki. Hakuwa anacheka.

Mjukuu wangu akatafuta jina la chuo kwenye tovuti ya ile mamlaka. "Babu, iko! Si nijaze tu?"

"Hilo ni jina la chuo. Kozi yako je?"

Kesho yake tukaenda kwa miguu. Kulikuwa na ukungu mwembamba, na maghorofa yalionekana kama yamechorwa kwa penseli halafu mtu akayafuta kidogo. Kwenye chuo, karani akanionyesha kibali ukutani. Nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti, mstari baada ya mstari.

"Mzee, hiyo si Biblia!" mtu akapiga kelele kwenye foleni. Wakacheka. Mjukuu wangu akainamisha uso kwa aibu.

Nikaendelea. Ushonaji, upishi, urembo. Nikafika chini.

"Friji iko wapi, mama?"

"Kibali cha hiyo kiko njiani, mzee."

"Na mtihani wake unatungwa na nani?"

"Sisi wenyewe."

Msichana akaikunja fomu mara nne. Marafiki zake wawili walikuwa wamejiandikisha pale, na njia nzima hakunisemesha.

Kibandani mama yake aliuliza, "Vipi?"

"Babu amesoma mpaka jina la aliyechapisha," akanuna. Halafu, bila kuniangalia: "Lakini alikuwa rada, macho kabisa. Kozi haiko."

"Basi utangoja Januari," mama yake akasema, akataja chuo cha serikali, kile kile kilichomwita yeye zamani. Nilitazama kando.

Msichana alipokwenda kununua maziwa, binti yangu akaendelea kufungua birika la mtu, skrubu moja moja.

"Baba," akasema, "siku ile mbona hukusoma?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza.

"Akilini nilikuwa nimeshaliona joho."

Kisha akanyoosha mkono, nami nikampa bisibisi ndogo.