Mwaka Uliobaki Wazi kwenye Msalaba wa Mzee Ilarie

Hebu mwone anakuja. Ni asubuhi ya kwanza ya mwaka elfu mbili, theluji imefika magotini, na kijiji chetu hapa katika jimbo la Oltenia bado kimelala kwa uchovu wa sherehe. Ni mzee mrefu, mwembamba, kofia ya manyoya ya kondoo imeshuka mpaka kwenye nyusi. Anachechemea kidogo, kwa sababu vidole viwili vya mguu wa kushoto aliviacha kwenye baridi ya mto Don, wakati wa vita. Analipita kanisa bila kugeuka, anasukuma geti la makaburini, anasimama mbele ya msalaba wa jiwe wenye jina lake. Anaupangusa theluji kwa mkono, anausoma, kisha anaanza kucheka peke yake.

Huyo ni Ilarie Purcaru, jirani yetu wa ua kwa ua tangu nizaliwe.

Mkewe, Stanca, alipofariki mwaka themanini na nne, Ilarie alikwenda mwenyewe machimboni na gari la ng'ombe la kuazima, akalileta jiwe lile. Akamwambia fundi Firu achonge majina mawili, kama tunavyofanya huku: la aliyetangulia na la anayefuata. Upande wa Stanca miaka yake ikaandikwa yote. Upande wa Ilarie ikaandikwa 1916, kistari, halafu 19, na nafasi ndogo ya kumalizia tarakimu mbili. Nani angewaza zaidi ya hapo? Alikuwa anakaribia sabini, kifua kibovu, na hakuwa na hamu ya kitu. Yeye mwenyewe alimwambia Firu nafasi ile inatosha na kubaki.

Basi karne ikaisha, na mzee yupo.

Nadhani kazi ndiyo iliyomchelewesha. Alikuwa fundi wa mapipa, na huku kwetu kwenye matunda ya plamu na pombe yake kali, fundi wa mapipa hapumziki. Alirudi kutoka vitani kwa miguu akakuta baba yake amekufa na wadogo zake wana njaa. Akawalea hao, kisha wanawe wanne. Serikali ilipochukua mashamba na ng'ombe wa watu wakawekwa zizi moja, Ilarie aliamka kila alfajiri kwenda kuwalisha wale wake wawili, bila kuagizwa wala kulipwa. "Hawajui kwamba wamekuwa wa wote," alisema. "Wao wananisubiri mimi." Vita hakuvizungumzia sana. Medali zilikaa kwenye kopo la vifungo, na wajukuu walizichezea mpaka utepe ukachakaa.

Habari ya msalaba ilifika kilabuni kabla ya yeye mwenyewe kuvua kofia.

"Mzee Ilarie, wewe umeshakufa kisheria!" akapiga kelele Firu, naye kichwa kimeshakuwa cheupe. "Unakunywaje?"

"Nakunywa kwa niaba ya fundi aliyekosea hesabu."

"Nitakurekebishia bure. Naongeza ishirini mbele ya ile kumi na tisa. Inakuwa elfu mbili kumi na tisa. Ila ukubali kufika!"

"Nikifika, wewe utakuwa wapi?"

"Mimi nitakuwa chini, nakusubiri na patasi."

Kilabu kizima kikacheka. Lakini Leontin, mwanawe mkubwa, aliyekuja kutoka Craiova kwa sikukuu, hakucheka hata kidogo.

"Baba, hili si la mzaha," alisema walipofika nyumbani. Tuliwasikia kwa sababu Leontin hajui kusema polepole. "Umepigana vita, umejenga nyumba nne, halafu ulale chini ya jiwe linalosema uongo? Nakununulia marumaru nyeusi. Na picha."

"Na mama yako?"

"Na yeye tutamwandika upya."

"Hapana. Jiwe lile nililileta nikiwa namlilia. Ukilichonga upya, ni laini, litamomonyoka pamoja na jina lake. Ukiling'oa, umemng'oa yeye. Mimi nataka kulala hapo hapo, kwa Stanca, na jiwe lile lile."

"Baba, watu watatucheka!"

"Wameshacheka leo. Nimeona kumbe kuchekwa hakuumi."

Leontin akaondoka na gari lake kwa hasira, na marumaru akaiagiza.

Ndipo mzee akatangaza karamu yake. Huku kwetu mtu akiona umri umekwenda anaweza kujifanyia karamu ya marehemu akiwa hai, ili awe na uhakika imefanyika vizuri. Ikafanyika wiki chache baada ya Pasaka. Meza ziliwekwa uani, kabichi zilizofungwa nyama zikachemka toka usiku, ngano ikapikwa na sukari na jozi, padri akasoma. Ilarie alikaa kichwani mwa meza na shati jipya, akampa kila mtu kwa mkono wake sahani mpya, kijiko, taulo, na mkate uliochomekwa mshumaa unaowaka. Anayepokea husema, "Mungu ailaze pema roho yako." Wengine walisema huku wanacheka, wanawake walisema huku wanalia.

Zamu ya Leontin, aliyekuwa amerudi kwa ajili ya karamu, ikafika. Mzee akanyoosha sahani.

"Hii ni yako. Na unajua naomba nini nayo."

Leontin hakunyoosha mkono.

"Pokea bwana, mshumaa unamalizika!" Firu akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote.

"Siwezi," Leontin akasema. "Nitamwambiaje maneno hayo mtu anayenitazama? Yeye bado yupo!"

Hapo ndipo tulipoelewa habari ya marumaru. Mtu mzima yule alikuwa anaogopa kifo cha baba yake, akajificha nyuma ya marumaru.

Nta ikamwagika kwenye mkate, lakini mzee hakuishusha sahani. "Sema tu, mwanangu," alisema polepole. "Ukisema sasa, nitakusikia."

Leontin akapokea. Maneno yaliyomtoka yalikuwa madogo sana, ila mzee aliitikia kwa kichwa.

Alifariki miaka minne baadaye, wakati wa kuvuna plamu. Marumaru haikuja, Leontin mwenyewe aliikataa. Alizikwa kando ya Stanca, na kwenye jiwe pakabaki 1916, kistari, 19, basi. Wageni huuliza kama huyu mzee bado yu hai. Leontin huja kila masika kukwangua kuvu, na huwajibu kwa masimulizi marefu kuliko walivyotaka.

Lakini baridi ya mwaka jana imelipasua jiwe, ufa umeshuka katikati ya majina yale mawili, na fundi kijana aliyemrithi Firu anasema halitavuka majira mengine mawili. Anaweza kulifunga kwa chuma, ila lazima atoboe upande wa Stanca. Au liachwe lianguke lenyewe. Juzi Leontin, naye sasa anatembea na fimbo, aliegemea ua wetu akaniomba nifikirie la kufanya. Nimefikiria, sijapata. Wewe ungemwambia nini?